Wageni Waliopewa Maji Matupu

Bomba la joto katika nyumba ya wanyama ya chuo kikuu lilipasuka Jumatatu moja ya Februari, wakati mji mzima wa Erzurum, huku kwetu mashariki mwa Uturuki, ulikuwa na baridi ya kugandisha masharubu ya mtu akiwa bado yuko mlangoni mwake. Kufikia adhuhuri Berrin alikuwa amesimama kizingitini, theluji mabegani, na nyuma yake mumewe Sıtkı amekumbatia vizimba vilivyofunikwa blanketi. Mama yake Sıtkı, Bi Müzeyyen, ambaye ndiye mwenye nyumba na mwenye amri zote za nyumba, alikuwa ameziba njia.

"Mama, tafadhali usipige kelele," alisema Sıtkı.

"Kwani nimepiga? Mna nini humo?"

"Panya."

Hapo akapiga. Alipiga kelele mpaka jirani wa chini, Nezahat, akagonga dari yake kwa mpini wa ufagio.

Berrin alivua buti huku akieleza mbio mbio. Panya hawa ni weupe, wasafi, wote majike, na ndio waliobeba tasnifu yake ya udaktari. Kule kwenye nyumba ya wanyama maji yalikuwa yanaganda sakafuni, na msimamizi alikuwa amewaruhusu wanafunzi, shingo upande, kila mmoja awahifadhi wake mpaka mafundi wamalize. Muda wake Berrin wa kuwasilisha tasnifu ulikuwa umekwisha kuongezwa mara moja. Panya wakifa kwa baridi, udaktari umekufa, na kazi yake ya usaidizi pale chuoni inakwenda nao.

"Basi waweke jikoni kwenye joto," Sıtkı alisema.

"Jikoni kwangu haingii panya, hata awe na shahada," alijibu mama yake.

Chumba cha kulala cha Sıtkı na Berrin kilitazama kaskazini, na ukutani kilikuwa na barafu upande wa ndani. Kwenye ujia upepo ulipita chini ya mlango. Ilibaki sebule ya wageni.

Sisi huku tuna ugonjwa wetu wa sebule ya wageni. Watu wa nyumbani wanabanana jikoni, wanagongana viwiko, na chumba kikubwa kuliko vyote kimefungwa kwa ufunguo, viti vimevishwa shuka, chuma cha joto kinawaka mchana kutwa kumngoja mgeni ambaye huenda asije. Sıtkı alikuwa amezaliwa katika nyumba ile, na mpaka anaota ndevu alikuwa amekalia viti vile sikukuu na misiba tu.

Bi Müzeyyen alitazama vizimba. Panya mmoja alikuwa ametoa pua kati ya vyuma, na vidole vyake vya waridi vimeshika waya. Bi Müzeyyen alipumua kwa nguvu, akatoa ufunguo kifuani.

"Watatandikiwa magazeti," alisema. "Na wewe Sıtkı, usithubutu kukaa humo kwa sababu yao."

* * *

Kila asubuhi Berrin aliingia sebuleni na bomba lake la sindano lisilo na sindano, lenye mrija laini wa mpira. Wa kizimba cha kulia aliwanywesha dawa, mmoja mmoja. Wa kushoto aliwanywesha maji. Bi Müzeyyen alisimama mlangoni, mikono kiunoni, akitazama kila kitu, maana hakuwahi kumwacha mgeni wake bila kumwangalia.

"Unawapa nini hao?"

"Dawa, mama. Wiki ijayo nitawafanyia upasuaji. Nitawapa dawa ya usingizi, nitaufunga mshipa wa damu unaokwenda kwenye ovari, niuache umefungwa, halafu nifungue."

"Unafunga halafu unafungua? Si bora usifunge?"

Berrin alicheka. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye haraka, na alipocheka haraka yote ilimtoka. "Wanawake huwa inawatokea, mama. Ovari inajisokota, damu haipiti. Daktari anaisokotoa, damu inarudi. Watu wanadhani hapo ndipo salama. Kumbe damu ikirudi ghafla, oksijeni inaingia kwa fujo, inaunguza nyama iliyokuwa tayari imechoka. Kama kutu, lakini kwa dakika. Nataka kujua kama dawa hii inazuia."

"Kama mikono," alisema Bi Müzeyyen. "Ukiwa nje kwenye theluji haiumi. Ukiisogeza kwenye jiko, ndipo unapolia."

"Karibu sana na hivyo, mama."

"Hao wa kulia nimewaelewa. Na hawa wa kushoto je?"

"Hao wanapewa maji. Ni wa kulinganishia. Lazima wawepo wasiopata kitu, tuone tofauti."

"Maji tu?"

"Maji matupu, mama."

Bi Müzeyyen aliwatazama wale wa kushoto kwa muda mrefu. Berrin alikuwa akifunga mkoba.

"Dawa usiiguse kabisa, mama. Hata tone."

"Nitaigusa ya nini?"

"Na chakula usihangaike. Chakula wanacho."

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyoharibu kila kitu, na Berrin, mtoto wa mji huu huu, alipaswa kuyajua. Kwetu mtu akikuambia mgeni ana chakula, amekuambia umsisitizie. Mgeni akisema ameshiba, unamwongeza. Akiweka mkono juu ya sahani kuizuia, unammiminia kati ya vidole. Hakuna mwenye nyumba aliyesikia "chakula wanacho" akaelewa kwamba wana chakula.

* * *

Alhamisi ilikuwa zamu ya Bi Müzeyyen kuwakaribisha majirani kwa chai. Angeweza kuahirisha. Hakuahirisha, kwa sababu Nezahat wa chini alikuwa ameshaeneza jengo zima kwamba huko juu wanafuga uchafu.

Wanawake walikaa kwenye ukingo wa viti, vipande vya sukari katikati ya meno, wakivuta chai juu yake, macho hayabanduki kwenye vizimba vilivyowekwa kando ya pazia la velveti. Mikate ya siagi iliyokuwa mezani ingewatosha wageni mara mbili yao.

"Kuna harufu," Nezahat alisema.

"Ni harufu ya sabuni," alijibu Bi Müzeyyen.

"Mimi ningekuwa na mkwe msomi, angeniletea diploma. Wewe wako amekuletea panya."

Wengine wakaficha vicheko kwenye glasi. Bi Müzeyyen alisikia joto likimpanda shingoni. Angesema nini? Mkwe wake hakuwa na diploma ya kutundika. Alikuwa na panya.

"Hawa ni wageni wa chuo kikuu," alisema kwa sauti kubwa. "Wametumwa kwangu kwa sababu nyumba nyingine hazina joto. Kwako wangelala wapi, Nezahat, kwenye ngazi?"

Akainuka, na mbele ya wote, kwa makusudi, akachovya kidole kwenye jamu ya waridi-mwitu, ile nzito aliyoisonga mwenyewe vuli kwa matunda ya kuchuma mlimani, akakiingiza kati ya nyaya za kizimba cha kushoto. Panya walikuja mbio. Hawakuja kwa woga, walikuja kama watu wanaomjua mpishi.

"Mashallah," alisema mmoja wa wanawake. "Wamekuzoea."

"Wanajua ukarimu," alisema Bi Müzeyyen, na akamtazama Nezahat.

Kweli walikuwa wamemzoea. Tangu Jumanne, kila alipopita na kitambaa cha vumbi, wa kushoto walipata jamu, na kipande cha mkate wa siagi, na siku moja ukoko wa wali. Wa kulia hakuwapa, maana wao walikwisha kupewa chao asubuhi. Angewapa, ingekuwa upendeleo.

* * *

Mafundi walimaliza, panya wakarudi chuoni, na Berrin akafanya kazi yake ya kufunga na kufungua. Mama mkwe aliuliza mara moja tu nini kinafuata baada ya hapo, na Berrin alipoanza kuzungusha maneno, alimkata.

"Mimi nimechinja kondoo kila Idi tangu niolewe. Si mtoto. Wamekula vizuri kabla, hilo ndilo nililotaka kujua."

"Wamekula, mama," alisema Berrin bila kufikiri.

Siku majibu ya hadubini yalipotoka, Profesa Vildan alimwita ofisini. Alikuwa mwanamke wa miwani ya dhahabu aliyezoea kuongea bila kuinua macho, na safari hii aliyainua.

"Niambie unaona nini hapa."

"Wa dawa wako vizuri, Mwalimu."

"Na hawa?"

"Hao ni wa maji." Berrin alitazama tena. "Nao wako vizuri."

"Wako vizuri. Tishu safi, hakuna damu iliyovia. Basi ama dawa yako haina kazi, ama hujui kufunga uzi. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu anajua kufunga uzi, Berrin. Fundi viatu anajua." Mlango ulikuwa wazi, na kwenye ujia wasaidizi wawili wakajifanya wanasoma tangazo. "Uamue ni lipi kati ya hayo mawili, uniandikie."

Jioni ile Berrin hakula. Alikaa jikoni bado amevaa koti, kichwa kwenye kiganja. Sıtkı, ambaye alikuwa dereva wa gari la kusukuma theluji na alifika ametapakaa chumvi ya barabarani mpaka kwenye nyusi, alijaribu kumchekesha.

"Mimi nasukuma theluji mchana, usiku inaanguka upya. Umeniona nalia?"

"Wewe huandiki tasnifu kuhusu theluji."

"Wa maji matupu," alisema Berrin baadaye, kama anayejisemesha. "Wote wako salama. Haiwezekani. Nilifunga mwenyewe, niliona ovari inabadilika rangi mbele ya macho yangu."

Bi Müzeyyen, aliyekuwa anamimina chai, uso ukamchangamka. "Wa kushoto? Wamesalimika? Alhamdulillahi! Nilijua. Nilisema wale wakipata nguvu kidogo watavumilia."

Kijiko cha Berrin kikasimama ndani ya glasi.

"Nguvu gani, mama?"

"Si ile jamu yangu ya waridi-mwitu!"

Sıtkı alitazama dari. Waridi-mwitu, yale matunda mekundu ambayo bibi zetu wote wanatuwekea kwenye kikombe tukikohoa, yana vitamini kiasi cha kumtosha farasi, na kama kuna kitu kinachopambana na oksijeni inayounguza, ni hicho. Berrin alikuwa ameandika ukurasa mzima kuhusu vitu kama hivyo.

"Uliwapa jamu," alisema polepole. "Wa maji."

"Ulitaka niwape nini? Uliingia kwenye sebule yangu, ukawapa hawa, wale ukawapa maji, mbele yangu! Nilikaa usiku nikifikiria, huyu mtoto amelelewa wapi? Nikakufichia aibu."

Berrin alifungua mdomo kugomba, na badala ya ugomvi kikatoka kicheko, kisha kilio, kisha vyote kwa pamoja, na Sıtkı akawa hajui ampe leso au maji.

Bi Müzeyyen alipoelezwa, na alielezwa mara tatu, alikaa chini kwenye kiti kidogo cha kumenyea viazi.

"Kwa hiyo nimekuharibia."

"Hukujua, mama."

"Nani anajua sasa?" aliuliza Sıtkı, akifunga mlango wa jikoni. "Sisi watatu. Andika dawa haifai, upate karatasi yako, tulale. Ni panya."

"Kama inafaa je?" Berrin alijifuta pua. "Kuna binti siku moja ataletwa hospitali anapiga mayowe, ovari imejisokota. Daktari atafungua vitabu, aone Berrin wa Erzurum ameandika haifai. Ataiacha kabatini kwa sababu ya jamu ya mama yako."

Sıtkı alivua soksi zake, akaziweka juu ya chuma cha joto, na safari hii hakuna aliyemgombeza.

* * *

Kesho yake Bi Müzeyyen alivaa koti lake la misiba, ambalo ndilo zuri kuliko yote, akamfuata mkwe wake mpaka ofisini kwa Profesa Vildan. Berrin alimsihi abaki nyumbani tangu mlangoni mpaka kituoni. Alijibu neno moja tu, kwamba kosa lililofanyika sebuleni kwake halisemewi na mtu mwingine.

Akamweleza profesa kila kitu, wima, hakutaka kiti. Profesa Vildan alivua miwani.

"Uliwapa kiasi gani, mama yangu?"

"Kiasi chao."

"Gramu ngapi? Kijiko kikubwa au kidogo?"

"Kijiko cha nini tena, mwanangu? Kwa kidole."

"Mara ngapi kwa siku?"

"Kila nilipopita."

"Na ulipita mara ngapi?"

"Sebule ni yangu," alisema Bi Müzeyyen. "Napita ninavyotaka."

Profesa aligeuka dirishani. Mabega yake yalitikisika kidogo, na Berrin, aliyekuwa ameganda kando ya kabati, hakuelewa kama ni hasira.

"Kosa ni langu, Mwalimu," alisema. "Sikumkataza. Nilimwambia chakula wanacho."

"Ulimwambia hivyo? Mama wa Erzurum?" Profesa aligeuka, na ikaonekana wazi kwamba alikuwa anacheka, na kwamba hakutaka. "Berrin, wewe hukukulia hapa? Mimi mama yangu alimlisha mtu aliyekuja kusoma mita ya umeme mpaka akakosa basi."

Kisha akavaa miwani, na kicheko kikaisha. Kazi yote ni batili, alisema. Hakuna mtu atakayejua ni jamu, au siagi, au ukoko, na jamu ya kidole haithibitishi chochote. Panya wapya, upya kabisa, ndani ya nyumba ya wanyama. Muda ungeombwa kwa kamati, na kamati ingetaka sababu.

"Na niandike sababu gani? Hitilafu ya lishe?" profesa aliuliza.

"Andika mimi," alisema Bi Müzeyyen.

"Si lazima jina lako..."

"Andika jina langu. Mkiandika hitilafu watasema ni mkono wa huyu mtoto. Mkono wake hauna kosa, mimi nimemwona akiwashika. Andika Müzeyyen, mama mkwe, aliwalisha." Sauti ilimtetemeka hapo, kwa sababu katika maisha yake yote hakuna aliyewahi kumwandika popote kwa kulisha vibaya.

Profesa akaandika. Kamati iliisoma kwa sauti, wazee wakacheka mpaka mmoja akatoka nje kukohoa, na wakatoa miezi mitatu, ya mwisho. Kuanzia siku hiyo kitivo kizima kilimsalimia Berrin kwa kumwuliza wageni hawajambo. Alivumilia kama watu wanavyovumilia buti jipya.

* * *

Mwisho wa Mei theluji ilikuwa imebaki vileleni mwa milima ya Palandöken tu. Miezi yote hiyo Bi Müzeyyen hakuwaona panya wapya hata kwa picha. Aliuliza kama wapo, akajibiwa wapo. Aliuliza wa maji wanapewa nini, akajibiwa maji. Hapo akaondoka kwenda kuosha kitu kilichokwisha kuoshwa.

Ilikuwa tena zamu yake ya chai. Wanawake walikuwa kwenye ukingo wa viti, Nezahat karibu na mlango, simu ilipolia. Bi Müzeyyen aliiweka kwenye spika, maana mikono ilikuwa na unga.

"Mama! Mama, wameumia!"

"Nani ameumia? Sıtkı?"

"Wa maji! Wa maji matupu, wameumia vibaya, wote! Ovari zimevimba, zimevia damu, nyeusi kabisa. Na wa dawa wako salama! Mama, inafaa! Mwalimu amesema niandike, nimalize!"

"Alhamdulillahi!" Bi Müzeyyen alipiga kelele, mikono juu, unga ukaruka mpaka kwenye pazia. "Alhamdulillahi, wameumia! Nezahat, unasikia? Wote wameumia!"

Glasi za chai zilibaki hewani. Bi Müzeyyen aliwaona wanawake wakimtazama, na ndipo maneno yake mwenyewe yakamfikia masikioni. Akakaa taratibu kwenye kiti cha karibu, na shuka halijaondolewa. Alikuwa amewaona wa kushoto wa zile siku za baridi, vidole vyao vya waridi kwenye waya, na sasa alikuwa amemshukuru Mungu kwa wenzao walioachwa bila kitu. Katika umri wake wote hakuwahi kumtanguliza mtu wa nyumbani mbele ya mgeni, mpaka leo.

"Mama? Upo?"

"Nipo, mwanangu." Alijifuta jicho kwa ncha ya mtandio. "Hakuna hata mmoja aliyewapa kitu?"

"Hakuna, mama. Nilifunga mwenyewe mlango."

"Masikini wao." Nezahat alikuwa amemsogelea. Kisha Bi Müzeyyen akaikaribia simu, akashusha sauti, ingawa wote walisikia. "Lakini wameumia sana, siyo? Isije ikawa kidogo tu, halafu wale wazee wa kamati wakaanza maneno."

"Sana, mama. Hakuna atakayebisha."

"Haya. Vizuri," alisema Bi Müzeyyen, akaanza kulia waziwazi, kwa ajili yao, huku anacheka.